Koti la Marehemu Mashaka

Sauti ya marehemu mumewe ilibisha hodi alasiri ya Jumapili, Sikuzani akiwa jikoni anapepeta mchele.

"Hodi humu! Wenyewe mpo, au mmekwenda ngomani nyote?"

Ungo ulimcheza mikononi, punje zikamwagika chini. Alijua vizuri kwamba Mashaka amekufa. Aliusikia udongo ukiangukia jeneza lake, na mwaka wa pili ulikuwa unakaribia kwisha tangu siku hiyo. Akili yake ilijua. Mwili wake ndio uliokataa kujifunza. Kila sauti ile ilipobisha, magoti yalinyanyuka yenyewe, mkono ukapanda kichwani kutengeneza kanga, na moyo ukatangulia mbio mlangoni.

"Karibu, mwanangu! Njoo barazani, jua kali hilo," aliitika Bi Kidawa, mama wa marehemu.

Sikuzani alichungulia kwenye upenyo wa makuti. Mtu aliyekuwa anaegemeza baiskeli ukutani alikuwa Silvanus, mwalimu kutoka Kibaha, Mnyamwezi mrefu mwenye mabega yaliyoinama kidogo. Lakini alikuwa amevaa koti la kaki la Mashaka, na ndani ya koti lile mabega hayakuinama. Alisimama kama Mashaka, mguu mmoja mbele, kidole gumba mfukoni, akacheka kile kicheko cha Mashaka kilichoanzia puani.

Jambo hili lilianzia msibani. Mashaka alikuwa akifundisha useremala shuleni Kibaha, na Silvanus alikuwa mwalimu mwenzake. Siku za kazi walikaa nyumba moja, na kila mwisho wa juma Mashaka alirudi huku Masaki ya Kisarawe kwa mkewe na mama yake, mara nyingi akimvuta rafiki yake aje kula samaki; rafiki alikula kimya, na Mashaka akamsemea kila kitu. Kisha msumari wenye kutu ukamchoma unyayo. Pepopunda ikamkaza taya. Mtu aliyekuwa anaongea hata usingizini akafa meno yameumana, bila kumwachia mtu yeyote neno.

Siku ya maziko Silvanus alifanya kazi ya mtani. Kwa Wazaramo, Mnyamwezi ana ruhusa ya kuuchezea msiba wao, na asipouchezea watu hunung'unika. Akavaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake, akalizuia jeneza mlangoni akidai kwamba mwenye nyumba hajamaliza chai yake. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mwisho akamgeukia mjane, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ile ile ya aliyelala ndani ya jeneza:

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kusema."

Hivyo ndivyo Mashaka alivyomwita mkewe kila alipokuwa na kosa la kuombea radhi, au alipotaka tu amtazame. Sikuzani aliacha kulia palepale.

Kwa desturi, mtani huondoka na nguo aliyovaa, na mchezo huishia siku ya kumaliza matanga. Lakini siku hiyo Bi Kidawa, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, alimshika Silvanus mkono na kukataa kuuachia. "Mlete tena mwanangu, mtani," alimwambia. "Siku moja moja tu. Hakuniaga." Silvanus hakuwa na moyo wa kumkatalia kipofu. Akaja tena, na tena, akikatiza Kiluvya kwa baiskeli na koti likiwa limefungwa nyuma, akilivaa kabla ya kuingia uani. Wakati ule watu wote walikuwa wamehamia kijiji kipya. Nyumba ya zamani imegeuka mahame, na kaburi la Mashaka limebaki kule peke yake katikati ya mikorosho. Kwa hiyo Bi Kidawa hakuwa hata na mahali pa kwenda kulia. Alikuwa na sauti tu.

Na Jumapili iliyopita sauti ile ilitaka kuoa.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kusema," Silvanus alikuwa amemwambia Sikuzani mbele ya mama mkwe wake. "Nataka nikuoe, nikuchukue Kibaha."

Bi Kidawa alipiga kigelegele. Sikuzani alisema atafikiri, akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Habari ilifika Mlandizi haraka. Leo asubuhi alikuwa ameshuka kutoka huko Mwinjuma, kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa kanisa, mtu mnene mwenye kutembea polepole. Jina lake lilikuwa la babu yake, na ubatizo haukulibadili. Alikuja na Biblia kwapani na uso wa mtu asiyelala vizuri. Tangu afike alikuwa amekaa barazani kimya, akimngoja mwalimu.

"Shikamoo, kaka," Silvanus alisema akipanda barazani.

Mwinjuma hakuitika. Midomo ilimfunguka, kisha akaifunga. Hakuwahi kuisikia sauti ile tangu mdogo wake alipokuwa hai.

"Mwitikie mdogo wako," Bi Kidawa alimhimiza, uso umemng'aa.

"Mama, mdogo wangu amelala kule mahameni," Mwinjuma alisema taratibu. "Huyu ni nani?"

"Mtani huyu, mbeba mizigo wa Tabora," mama alicheka. "Mzigo wenyewe ndio huo aliouvaa. Sikuzani! Lete chai, mwanangu, na ile mihogo."

Sikuzani alileta birika na sahani ya mihogo, akakaa mkekani karibu na mama mkwe wake. Hakumtazama Silvanus. Alitazama mkono wake uliokuwa gotini, kwa sababu mkono ulikuwa wake mwenyewe. Ulikuwa na chaki iliyokauka pembeni mwa kucha. Mikono ya Mashaka ilikuwa na gundi ya mbao.

Mkono ule wenye chaki aliujua kutoka siku nyingine. Tangu msiba, mara moja tu alikutana na Silvanus bila koti, kituo cha basi Kisarawe, yeye ameshuka na gunia la mihogo mikavu na mwalimu akipita na baiskeli. Silvanus alitaka kumsalimu, na neno likamkwama. Shingo ilimsimama mishipa. "Ha... ha... ha..." alisema, na vijana wa kituoni wakamwigiza. Kumbe mwalimu alikuwa na kigugumizi! Ndiyo maana chuo kimoja cha theolojia huko bara kilikuwa kimemfundisha Kiebrania kwa miaka kisha kikamwambia kwa upole kwamba mimbari si mahali pake. Siku ile hakulimaliza neno. Alilifunga gunia kwenye baiskeli, wakaongozana kwa miguu sehemu kubwa ya njia wakiwa kimya. Alipoona kokoto iliyoingia kwenye kandambili ya Sikuzani, alipiga magoti akaitoa, akainuka, akaendelea kusukuma baiskeli. Sikuzani alifika nyumbani na furaha ambayo hakuthubutu kuitaja. Tangu siku ile alikuwa anamngoja mtu yule wa kituoni aje kumposa. Kila mara alikuja mwingine.

"Nimekuja kwa neno la Mungu, sikuja kwa ugomvi," Mwinjuma alisema akifungua Biblia. "Kumbukumbu la Torati, sura ya ishirini na tano, mstari wa tano. Ndugu wawili wakikaa pamoja, akafa mmoja wao bila mwana, mke wa aliyekufa asiolewe nje na mgeni. Ndugu wa mumewe amtwae." Akaifunga. "Mimi ndiye ndugu. Mwalimu ni mgeni. Sikuliandika mimi."

"Lakini una mke, kaka," Sikuzani alisema.

"Nina mke, na unamjua, na usiku kucha amenililia." Sauti ya Mwinjuma ilikwaruza. "Unadhani nakutaka kwa tamaa, shemeji? Tazama kijana niliyekuwa, tazama tumbo hili. Mimi ninaogopa. Mdogo wangu ameondoka bila mtoto. Nikifa mimi, akifa mama, ukiolewa wewe Unyamwezini, nani atakayelitaja jina lake? Andiko linasema jina lisifutwe. Mimi nimelibeba andiko hilo kifuani kama jiwe."

Bi Kidawa aliinamisha kichwa. Neno lile lilikuwa limemchoma na yeye.

Silvanus alicheka kicheko cha puani. Alitoa mfukoni mwa koti kitabu kinene kilichochakaa, akakifungua kutoka nyuma kwenda mbele kama Kiebrania kinavyosomwa.

"Wazaramo bwana!" alisema kwa ile sauti nyepesi, isiyokwama popote. "Mkisikia andiko mnacheza ngoma kabla hamjasikia mdundo wa pili. Kaka, hebu twende neno kwa neno. Andiko halianzi na mgeni. Linaanza na ndugu wanaokaa pamoja. Kukaa, kwa Kiebrania ni yashav. Ni kuketi, ni kufanya maskani. Pamoja, ni yachad. Maneno hayo mawili unayajua. Unayaimba. Zaburi ya mia na thelathini na tatu."

"Tazama jinsi ilivyo vema," Mwinjuma alisema kwa kusitasita.

"Ndugu wakae pamoja kwa umoja. Maneno ni yale yale. Kwa hiyo sheria hii haimhusu kila aliyezaliwa tumbo moja na marehemu. Inawahusu ndugu waliokuwa na maskani moja, wanaokula chungu kimoja." Akainua macho. "Kaka, wewe na marehemu mlikaa pamoja lini mara ya mwisho?"

Mwinjuma alikuwa ameondoka Masaki kwa hasira, wamegombania mikorosho ya baba, na hakurudi hata mdogo wake alipougua. Alifika kaburi limeshafukiwa.

"Hilo si neno la kuniuliza mbele ya mama," alisema.

"Sikuliandika mimi," Silvanus alimjibu, na hata namna ya kurudisha kombora ilikuwa ya Mashaka. Bi Kidawa alipiga paja lake kwa raha.

"Endelea, mwanangu! Mwambie!"

"La pili ni hilo la mgeni. Neno lenyewe ni zar. Haliulizi kabila la mtu. Ni mtu au kitu cha nje ya nyumba, kilicholetwa mahali pasipokuwa pake. Wana wa Haruni walipoleta madhabahuni moto ambao Mungu hakuuagiza, moto ule uliitwa kwa neno hilo hilo. Basi mimi nimekula chungu kimoja na Mashaka kule Kibaha. Nimemshika miguu akiumwa. Nimemtania mlangoni pake amekufa. Niambieni, katika nyumba hii mimi ni moto wa kigeni?"

"Si wewe!" Bi Kidawa alisema. "Mgeni gani aliyemzika mwenzake?"

Mwinjuma alifuta jasho. Alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu wake ulimlazimisha kukubali alichokielewa. "Na jina?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Jina la mdogo wangu je?"

"Mstari wa sita. Mzaliwa wa kwanza atasimama katika jina la aliyekufa. Yakum, atasimama, atainuka. Shem, jina. Mtoto wa kwanza tutakayempata, kaka, ataitwa Mashaka. Naapa mbele ya mama."

Bi Kidawa alianza kulia. Mwinjuma alitikisa kichwa mara kadhaa, kisha akaiweka Biblia yake mkekani kama mtu anayetua mzigo.

"Kama ni hivyo," alisema, "mimi sina la kuzuia. Shemeji, uamuzi ni wako."

Kila mtu alimgeukia Sikuzani. Silvanus naye alimgeukia, akitabasamu tabasamu la upande mmoja ambalo Sikuzani alikuwa amelibusu mara zisizohesabika kwenye uso mwingine. Alitamani kusema ndiyo. Mungu wake alijua jinsi alivyotamani! Angeweza kufumba macho maisha yake yote, akalala kando ya sauti ile, na kifo kingekuwa kama hakikutokea. Hapo ndipo hofu ilipomshika. Alijiona Kibaha, kitandani, gizani, akiitwa na maiti.

"Mwalimu, nami nina swali la andiko," alisema.

"Uliza."

"Mstari wa sita. Anayesimama katika jina la aliyekufa ni nani? Ni mwanamume anayeoa, au ni mtoto?"

"Ni mtoto."

"Mwanamume hasimami humo?"

"Hapana. Mwanamume anakuja na jina lake mwenyewe. Boazi alimtwaa Ruthu, mjane wa mtu, na alibaki Boazi."

"Asante." Sikuzani alikusanya mikono yake mapajani. "Basi niambie. Wewe umekuja kuniposa kwa jina la nani?"

Tabasamu lilibaki usoni pa Silvanus, lakini macho yaliyumba. Alisafisha koo. Akainamisha kichwa upande kidogo.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba ku—"

Alijisikia mwenyewe. Alinyamaza katikati ya neno, mkono umeganda hewani.

Sikuzani aliruka akasimama. "Umesikia? Hujakusudia hata kidogo! Huyo amekutoka mwenyewe, kama pepo! Umesema moto wa kigeni. Moto wa kigeni katika nyumba hii ni sauti hiyo. Vua koti."

"Sikuzani!" Bi Kidawa alishtuka.

"Vua koti la mume wangu, mwalimu."

"Usimvue!" Bi Kidawa alipapasa hewani mpaka akaipata suruali ya Silvanus, akaikamata. "Mwanangu, mkwe wangu, mwache kwanza. Amekukosea nini? Wewe ulimwona Mashaka kwa macho. Ulimwona akioga, akila, akikucheka. Mimi nilikuwa naye kwa masikio tu. Siku ile nilimshika mashavu nikamwambia sema, baba, niage, nikashika kitu kama ubao. Ubao, Sikuzani! Huyu mtani ndiye aliyeulainisha. Ukimvua koti unamuua mara ya pili, na safari hii mimi nasikia."

Sikuzani alipiga magoti mbele ya yule kikongwe na kumshika mabega. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti yake haikulegea.

"Mama, na mimi je? Wewe ukiisikia sauti hiyo unapata mwana. Mimi nikiisikia nafiwa. Kila Jumapili nafiwa, napika chai, naosha vikombe, naanza upya. Unataka niolewe nayo? Nizae na nani, mama? Nikiguswa usiku, mkono wa nani huo?"

Bi Kidawa aliiachia suruali ya mtani.

"Utani una mwisho wake," Mwinjuma alisema kwa upole. "Siku ya kumaliza matanga mtani huondoka na marehemu. Mama, sisi tulimzuia Mashaka mlangoni. Wewe kwa kumwomba, na mimi kwa kutokuwapo nimlilie pamoja nawe. Hajapumzika kule aliko, wala sisi hatujapumzika."

Silvanus alifungua kifungo cha kwanza. Vidole vilimkataa, akakazana. Alipolivua koti, mabega yalishuka pale pale, kifua kikaingia ndani, na mtu aliyesimama barazani akawa mwembamba kuliko walivyomzoea. Shati lake lilikuwa limechanika kwapani na limeshonwa vibaya, kwa mkono wa mtu anayeishi peke yake. Alilikunja koti, akachuchumaa, akaliweka mapajani mwa Bi Kidawa.

Bi Kidawa alilipapasa. Alipitisha vidole kwenye ukosi, kwenye mifuko, kwenye kifungo kisichofanana na vingine ambacho alikishona mwenyewe macho yake yangali mazima. Kisha akaliinua, akazika uso ndani yake, akavuta pumzi ndefu.

Walingoja.

"Hayumo," alisema ndani ya kitambaa. Akavuta tena. "Kuna chaki. Kuna jasho la mtu na sabuni ya kufulia. Mashaka wangu alinuka gundi na mninga." Akaliteremsha koti taratibu. "Hayumo humu. Tangu lini hayumo?"

Alilia kama watu wanavyolia siku ya kwanza ya msiba, kwa sauti, akitingisha mwili mbele na nyuma, na Mwinjuma aliburuta makalio yake mkekani mpaka akamfikia, akamkumbatia, naye akalia. Kule mahameni hawakuwahi kulia pamoja. Jirani mmoja aliyekuwa anapita na kuni alisimama, akatazama, akainamisha kichwa na kwenda zake bila kuuliza.

Kilio kilipopungua, Bi Kidawa alijifuta uso kwa pembe ya kanga na kuugeuza huku na huku, akitafuta.

"Mtani bado yupo?"

Silvanus alifungua mdomo. Mishipa ya shingo ikamsimama. "Ni... ni... nipo, ma... mama."

Kikongwe alishtuka. "Nani huyo?"

"Mi... mimi. Si... Silvanus."

"Ndivyo ulivyo?"

"Ndi... ndivyo."

"Maskini," Bi Kidawa alisema kwa mshangao. "Mwaka na zaidi unakula mihogo yangu, sijawahi kukusikia." Akalipapasa koti. "Kumbe ulikuwa unajificha humo."

Silvanus aliitikia kwa kichwa, akasahau kwamba haonekani. Alijaribu kusema, akashindwa, akajaribu tena, na ilimchukua muda mrefu kulitoa jambo ambalo Mashaka angelisema kwa pumzi moja: kwamba ndani ya koti lile maneno hayakumkwama, kwamba alikuwa na mambo ya kumwambia mwanamke mmoja, na kwamba aliogopa mwanamke yule asingengoja mpaka mwisho wa sentensi. Jasho lilimtiririka. Mwinjuma alitazama chini kwa haya, kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga.

Sikuzani hakutazama chini.

"Mwalimu, siku ile Kisarawe ulitaka kuniambia nini?" aliuliza. "Pale kituoni. Ulianza hukumaliza."

"Ha... ha... habari za... sa... safari."

"Basi?"

"Ba... basi."

Sikuzani alicheka, machozi yangali mashavuni. Kicheko chenyewe kilimshangaza. Alikuwa amekaa na swali lile mwezi baada ya mwezi, akilipamba kwa maneno mazito, kumbe ilikuwa salamu tu. Akasogea, akasimama mbele yake, karibu kiasi cha kuona chaki pembeni mwa kucha zake.

"Habari za safari ni nzuri," alisema. "Sasa nipose. Wewe."

Silvanus alivuta pumzi. Mama mkwe aliinua kichwa kusikiliza. Mwinjuma alishika Biblia yake bila kuifungua.

"Si..." Silvanus alisema. Macho yalimbana. "Si... Si..."

Mashaka asingengoja. Mashaka hakuwahi kumwachia mtu amalize neno lake. Alikuwa analidaka na kulimaliza yeye, na watu wakacheka, na Sikuzani alikuwa amempenda hivyo hivyo. Sasa Sikuzani alikuwa anamuaga, kimoyomoyo, bila koti na bila mchezo. Nenda, mume wangu. Kesho nitaleta jembe mahameni, nitakung'olea magugu, mama yako atakaa kando yako na koti lako mapajani, na hatutakuita tena.

Alimwona Silvanus akimtazama kwa hofu, akiomba msaada. Jina lilikuwa lake, lipo ulimini mwake mwenyewe, rahisi, angeweza kumtamkia. Alifunga mdomo. Alingoja kama mtu aliyekuja kukaa, asiyekuwa na basi la kuwahi.

"Si... Si... Sikuzani," alisema Silvanus.

Jina lilitoka limechoka, limepondeka, kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka mbali. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo kabla ya siku ile, aliye hai wala aliyekufa.

"Abee," akaitika.